Tusiisingizie Baridi ya Ngong

Mtu aliyewahi kulala Ngong mwezi wa Julai hahitaji kusimuliwa habari za baridi. Ukungu hushuka kutoka vilimani tangu usiku wa manane, ukavifunika vibanda vya sokoni, na asubuhi hata makanga wa matatu huwaita abiria akiwa amejikunyata ndani ya koti. Majira hayo yakifika, utawasikia watu wakisalimiana kwa malalamiko. Huyu goti linamuuma, yule bega limekataa kuinuka, mwingine kisigino kinamchoma kila akanyagapo. Ukiuliza sababu, jibu ni moja tu: "Ni baridi, mwalimu."

Nami, msomaji mpenzi, nimelitoa jibu hilo mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Nimekuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa pia mwalimu wa michezo. Leo nakiri hadharani kwamba jibu hilo lilinifanya nimkosee mwanafunzi wangu mmoja, na kosa hilo ndilo lililonisukuma kuishika kalamu.

Kisa chenyewe kilianza kwa kisigino changu mimi. Tulikuwa tukijiandaa kwa mbio za nyika, nami kwa kiburi cha mtu aliyewahi kuwa na mbio, niliamua kuwaongoza vijana kupanda vilima badala ya kuwasimamia kwa kipenga. Juma la pili nilianza kuamka na maumivu nyuma ya kisigino. Hatua kumi za kwanza kutoka kitandani zilikuwa za kuchechemea. Nikishapata joto, maumivu yalipungua, nami nikajidanganya kuwa nimepona. Nikasema ni baridi. Nikajipaka dawa ya kuchua, nikavaa soksi mbili, nikaendelea kukimbia.

Wakati huohuo mvulana mmoja wa kidato cha pili alinijia akasema goti lake limevimba. Nilimtazama, nikamjibu kwa ile hekima yangu ya siku zote: "Kijana, hata mimi kisigino kinaniuma. Ni baridi. Jipashe moto, ukimbie." Baada ya siku tatu alirudi akisema goti limepoa, lakini sasa ni kifundo cha mguu. Baada ya siku chache tena, ni kiwiko. Hapo nikakasirika. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ugonjwa usiokaa mahali pamoja ni ugonjwa wa mvivu.

Aliyeniumbua ni mama yake. Alifika shuleni Jumatatu moja, akaketi mbele ya meza yangu na kusema kwa upole, "Mwalimu, mtoto huyu analala na homa, na akipanda ngazi anahema kama mzee. Mimi si daktari, lakini hii si baridi." Alikuwa amekwisha kuamua kumpeleka hospitalini. Waliompima walisema ana homa ya rumatiki, na kwamba imekwisha kuigusa vali moja ya moyo wake.

Tangu siku hiyo nimesoma, nimeuliza, nimesumbua madaktari. Nililojifunza ni hili: neno "baridi" tumeligeuza kuwa kapu la kutilia maumivu ya kila aina, ilhali maumivu hayo yana asili zisizofanana, na kila asili ina tiba yake. Yako yatokanayo na kano iliyotwikwa mzigo usiouweza. Yako ya kiungo kilichochakaa kwa umri, uzito au majeraha ya zamani. Na yako yaletwayo na ugonjwa wa mwili mzima, ambao hupita kwenye viungo kama mgeni apitaye mlangoni. Lugha yetu yenyewe imetuponza kidogo, kwa kuwa maradhi mengi ya viungo tumeyaita "baridi yabisi". Sikatai kwamba baridi huweza kuyafanya maumivu yasikike zaidi. Lakini kuyasikiza zaidi ni jambo moja, na kuyazaa ni jambo jingine.

Tuanze na kano. Mwili umeungwa kwa kamba za aina mbili: kano huufunga msuli kwenye mfupa, na ligamenti hufunga mfupa kwa mfupa. Msuli ukijikunja, kano ndiyo ivutayo. Imesukwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizolala sambamba kama nyuzi za kamba ya katani. Nguvu yake ni ya ajabu, kwani mtu akimbiapo, kano ya kisigino huweza kustahimili mvuto unaozidi mara sita uzito wa mwili wake katika kila hatua. Lakini damu huifikia kwa uhaba kuliko inavyoufikia msuli, na ujenzi wake huenda polepole. Ndiyo maana msuli uliochanika kidogo hupona kwa majuma, ilhali kano iliyoumia hudai miezi.

Wasidhani walimu wenzangu kwamba haya ni ya wanariadha peke yao. Mwalimu anayeandika ubaoni mkono ukiwa juu ya bega, kipindi baada ya kipindi, huzisugua kano za bega. Kina mama na vijana wanaokata waridi katika mashamba ya maua ya Kitengela na Isinya hurudia mkato mmoja wa kidole gumba kutwa nzima, na kano za kifundo cha mkono hulalamika. Abebaye mitungi ya maji kila siku huumwa na kiwiko. Kano huangalia wingi wa kazi na ghafla ya kazi. Haiangalii kama mwenyewe ana medali au hana.

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba kano iumayo kwa muda mrefu imewaka kama jeraha bichi, na kwa hiyo inataka vidonge vya kutuliza uvimbe pamoja na kulala. Watafiti walipozitazama kano hizo kwa hadubini, waliona zaidi nyuzi zilizovurugika, mithili ya kamba iliyochakaa. Kamba ya namna hiyo haiponi kwa kulazwa tu. Inataka kufundishwa upya kubeba mzigo, kidogo kidogo.

Kuna simulizi la kufurahisha hapa. Huko Umeå, nchini Sweden, daktari wa mifupa aitwaye Håkan Alfredson aliumwa na kano ya kisigino, naye akataka apasuliwe. Mkuu wake akakataa. Basi Alfredson akaamua kuifanyisha kano hiyo kazi ngumu mpaka ikatike, ili upasuaji usiwe na budi. Haikukatika, ilipona. Mnamo 1998 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa ridhaa waliofanya zoezi lake kwa majuma 12, na wote wakarudi kukimbia. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba zoezi hilo halimponyi kila mtu, na kwamba yako mazoezi mengine ya uzito yafaayo vilevile. Lakini fikra yake kuu imesimama hadi leo.

Zoezi lenyewe ni hili. Husimama ukingoni mwa ngazi kwa ncha za miguu, ukapanda juu kwa miguu yote miwili, kisha ukauhamishia uzito mguu uumao na kukishusha kisigino polepole hadi chini ya ukingo. Mara 15, kwa duru tatu, goti likiwa limenyooka. Kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliyenifundisha alinitahadharisha kwamba kama maumivu yako pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, mtu asishuke chini ya ukingo. Kisha akaniambia maneno niliyoyaandika kwenye jalada la daftari langu: kano haipendi kushtukizwa, wala haipendi kulazwa.

Je, subira hiyo ina faida? Tuutazame mfano unaotuhusu sisi watu wa Ngong. Paul Tergat, mzaliwa wa Baringo, alifanya mazoezi yake mengi katika vilima hivi hivi tuvionavyo kutoka madarasani. Mnamo Septemba 2000, huko Sydney, alishindana na Haile Gebrselassie wa Ethiopia katika mbio za mita 10,000 za Olimpiki. Haile alifika Sydney akiwa na kano ya kisigino iliyokuwa ikimsumbua. Alishinda kwa dakika 27 na sekunde 18.20, Tergat alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 18.29. Tofauti ni sehemu tisa kati ya mia za sekunde! Wakenya tuliotazama tulilia. Lakini ni wangapi tuliofuatilia yaliyompata mshindi baadaye? Alipasuliwa kano hiyo, akakaa nje ya mashindano kwa muda mrefu, na aliporudi Edmonton mwaka 2001 alimaliza wa tatu, Charles Kamathi wa Kenya akitwaa dhahabu. Watu walisema Haile amekwisha. Mwaka 2003 Tergat aliweka rekodi ya dunia ya marathoni huko Berlin, saa 2:04:55. Na mwaka 2007, Berlin hiyohiyo, aliyeivunja rekodi hiyo kwa saa 2:04:26 ni Haile, mwenye kano iliyopasuliwa. Kano iliyopewa muda na kazi ya kiasi huweza kumrudishia mtu mbio zake.

Wanafunzi nao wana sababu yao ya kuyajali haya mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na wanasayansi wa Denmark ulitumia kaboni iliyoenea hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ili kupima umri wa kano ya kisigino. Waligundua kwamba kiini cha kano hiyo hujengwa hadi umri wa takriban miaka 17, na baada ya hapo ni haba mno kufanywa upya. Maana yake ni kwamba kano utakayoitembelea uzeeni unaisuka ukiwa ungali darasani. Mwanafunzi akimbie, aruke kamba, acheze. Bali asitoke kwenye kiti cha muhula mzima akaingia mbio za kilomita kumi siku moja. Na kijana anayekua kwa kasi, akiota kinundu kinachouma chini ya goti kwa sababu ya michezo, asiitwe mwoga. Kano yake inauvuta mfupa ambao haujakomaa. Apunguziwe kuruka na kupiga mbio, na aghalabu maumivu hukoma mfupa ukishakomaa.

Kuhusu viungo vichakaavyo nitasema machache. Mwisho wa kila mfupa umevikwa gegedu laini lisilo na mishipa ya damu. Gegedu hulishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka kama maji kwenye sifongo kila kiungo kikunjwapo na kunyooshwa. Mzee anayeambiwa asitembee kwa sababu goti linauma, ananyimwa chakula cha goti hilo. Kupunguza uzito, kutembea kwa kiasi na kuimarisha misuli ya paja humsaidia kuliko blanketi.

Sasa nije kwenye yale niliyoyakosea mimi. Homa ya rumatiki huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Hufuata maumivu ya koo yaletwayo na bakteria aina ya streptokoka, majuma mawili au matatu baada ya koo lenyewe kupona na kusahauliwa. Kinga ya mwili, iliyoandaliwa kupigana na bakteria hao, huwageukia wenyeji. Viungo vikubwa huvimba kwa zamu: goti, kisha kifundo, kisha kiwiko, kimoja kikipoa kingine kikiwaka. Msomaji ameona? Ile hamahama ya maumivu niliyoitumia kama ushahidi wa uvivu wa kijana yule, ndiyo dalili ambayo daktari angeitambua mara moja. Na maumivu ya viungo huisha bila kuacha alama, jambo linalomfanya kila mtu apumue, ilhali moyoni ugonjwa umekwisha kupiga kambi. Mafindofindo ya bakteria hao yakitibiwa kwa penisilini mapema, homa hiyo huweza kuzuiwa.

Ugonjwa wa pili umetuzunguka zaidi hapa Kajiado, nao ni bruselosisi. Wafugaji wanaujua kwa mifugo kama ugonjwa wa kutupa mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kumshika kwa mikono mitupu mnyama aliyetupa mimba. Homa huja na kutoweka, jasho hutoka usiku, na kiuno, nyonga na magoti huuma kwa majuma. Wengi hutibiwa malaria, kisha homa ya matumbo, kisha huambiwa ni baridi. Tiba yake ni dawa mbili pamoja, kwa kawaida zisizopungua majuma sita. Na kinga yake ni sufuria na moto. Tuyachemshe maziwa.

Yako mengine. Jongo humwamsha mtu usiku kwa kidole gumba cha mguu kilichovimba na kuwaka, na hao wapendao nyama choma, maini na bia kila mwisho wa juma wajihadhari. Athritisi ya rumatoidi, ambayo kinga ya mwili huvishambulia viungo, huanza mara nyingi kwenye vidole vya mikono, nayo huvikakamaza asubuhi kwa muda mrefu, hata zaidi ya saa moja. Selimundu huwatesa watoto kwa maumivu makali ya mifupa. Na maji ya visima vingi vya kaunti hii yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Tunaiona katika meno ya kahawia ya watoto wetu, lakini ikizidi mno kwa miaka mingi huweza kuikakamaza hata mifupa na uti wa mgongo.

Lipo jambo moja ambalo ningependa kila nyumba ilijue. Dawa iitwayo siprofloksasini hununuliwa ovyo madukani, mtu akijihisi ana homa ya matumbo. Ni dawa njema ikiandikwa na daktari. Lakini dawa za kundi lake huweza kuzidhuru kano, hasa ile ya kisigino, hata ikakatika. Hatari huzidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa watumiao steroidi. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru zibandikwe onyo la daraja la juu kuhusu jambo hilo. Anayezimeza akihisi maumivu ya kano, aache mazoezi na amwone daktari mara moja. Hata sindano ya steroidi kwenye kano, ambayo mimi nilikuwa nimeitaka kwa hamu, huondoa maumivu kwa majuma machache; lakini uchunguzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwa kiwiko, waliodungwa walikuwa na hali mbaya zaidi miezi baadaye kuliko wale ambao hawakudungwa.

Basi tufanyeje sisi walimu, ambao si waganga? Tuulize. Maumivu ni ya kiungo kimoja au vingi? Yamekaa mahali pamoja au yanahama? Yalianza baada ya kazi mpya, au bila sababu? Kuna homa, jasho la usiku, kukonda, kuhema? Koo liliuma majuma machache yaliyopita? Nyumbani wanakunywa maziwa ya namna gani? Asubuhi ukakamavu huchukua dakika chache au saa nzima? Maswali hayo hayahitaji vyombo, na hayamalizi dakika tano. Maumivu ya mahali pamoja yaliyofuata kazi nyingi, bila homa, yanaweza kusubiri mtaalamu wa tiba ya viungo. Maumivu yenye homa, au yanayohama, au yaliyovimbisha viungo vingi, yaende hospitalini juma hilohilo. Na kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, kisichoweza kukunjwa, chenye homa kali, kiende siku hiyohiyo, kwa maana usaha ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa muda mfupi.

Nanyi wanafunzi, mficha maradhi kilio humfichua. Semeni, na mkipuuzwa semeni tena, kwa mwalimu mwingine au kwa mzazi. Kijana wangu alisema mara tatu. Aliyekosa masikio ni mimi.

Kisigino changu kilichukua miezi mitano kupona, nami bado nalifanya lile zoezi ukingoni mwa ngazi ya ofisi ya walimu, wenzangu wakinicheka. Kijana yule amekwisha kumaliza shule. Kila baada ya majuma manne hudungwa penisilini ili homa ile isirudi kuutafuna moyo wake, na ataendelea hivyo kwa miaka mingi. Nilimwendea nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinisamehe upesi, kama vijana wasamehevyo. Mama yake aliniuliza swali moja tu: kama siku hizi mwanafunzi akija na goti lililovimba, namjibu nini. Nilimwambia kwamba simjibu. Namwuliza.